Vipandikizi vya shingo kwa diski iliyotoka: mwongozo wa mgonjwa hatua kwa hatua

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nimeambiwa diski ya shingo imetoka na natakiwa kupasuliwa. Kipandikizi kipi ni bora?" Jibu linaudhi kidogo, kwa sababu hilo ni swali la nne. Mbele yake kuna matatu: je, upasuaji unahitajika kweli? Diski ipi hasa, yaani mto upi ulio kati ya pingili (mifupa ya uti wa mgongo), ndiyo inayokusumbua? Na mifupa yako ina hali gani? Ukishayajibu hayo, vipandikizi vinavyokufaa hubaki viwili au vitatu tu. Ukiyaruka, unaweza kuwekewa kifaa kizuri mahali pasipo pake.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Kipandikizi hakitibu neva. Kinachotibu ni kuondoa kitu kinachoibana. Kipandikizi huziba pengo lililoachwa na diski, ili pingili mbili zisikaliane na kulibana upya tundu ambamo neva inapita.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayejiandaa kuzungumza na daktari mpasuaji, pamoja na watakaomuuguza. Palipotajwa dawa ya kuacha au kuendelea nayo, neno la mwisho ni la daktari aliyekuandikia.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Picha zenyewe za MRI ya shingo, kwenye sidii au faili. Ripoti ya karatasi peke yake haitoshi, maana mpasuaji anataka kuona kwa macho yake. Kama dalili zimebadilika tangu picha ipigwe, au imepita zaidi ya miezi 6, omba nyingine.
- Eksirei za shingo ukiwa umesimama: ya mbele, ya ubavu, na mbili za ubavu, moja ukiwa umeinamisha kichwa na nyingine ukiwa umekiinua. Hizi mbili za mwisho husahaulika sana, na ndizo zinazoonyesha kama pingili zinateleza. MRI hupigwa ukiwa umelala, kwa hiyo hilo halionekani.
- CT skani, ikiwa kuna shaka ya vinundu vya mfupa au kano iliyogeuka mfupa.
- Kipimo cha uzito wa mifupa (DEXA) kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mzee, au yeyote aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.
- Orodha ya dawa zote na vipimo vyake, zikiwemo za mitishamba na virutubisho.
- Orodha ya mzio. Kama ngozi hukuwasha penye hereni, saa au kifungo cha suruali, sema: huenda una mzio wa nikeli, na baadhi ya vipandikizi vina metali zenye nikeli kidogo.
- Daftari la dalili. Andika maumivu ya shingo na ya mkono kila moja peke yake, kwa alama 0 hadi 10, na vidole vipi vina ganzi.
- Mtu wa kulala nyumbani pamoja nawe siku za kwanza.

Hatua ya 1: Linganisha vidole vyako na picha

Shingo ina pingili 7, C1 hadi C7, lakini jozi za neva ni 8. Diski hutajwa kwa pingili mbili zilizo juu na chini yake, na neva inayobanwa hapo kwa kawaida ni yenye namba kubwa kati ya hizo mbili:

- C4-C5 hubana neva ya C5: maumivu ya bega, na kuinua mkono pembeni kunakuwa kazi.
- C5-C6 hubana C6: ganzi ya kidole gumba na cha shahada, udhaifu wa kukunja kiwiko na kuinua kiganja.
- C6-C7 hubana C7: ganzi ya kidole cha kati, udhaifu wa kunyoosha kiwiko. Huyu ndiye mgeni wa kila siku kwenye kliniki za shingo.
- C7-T1 (T1 ni pingili ya kwanza ya kifua) hubana C8: ganzi ya kidole cha pete na cha mwisho, na mshiko wa mkono hulegea.

*Kosa la kawaida:* kutibu picha badala ya mtu. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wana diski zilizotokeza kwenye MRI, hasa baada ya miaka 40. Ikiwa picha inaonyesha diski tatu lakini dalili zako zinaangukia moja tu, uliza kwa upole kwa nini zote tatu ziguswe. Kila diski inayoongezwa huongeza muda mezani, shida ya kumeza, na uwezekano wa mifupa kutoungana.

Ganzi ya kidole gumba inaweza pia kutoka kwenye neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, na maumivu ya bega yanaweza kuwa ya bega lenyewe. Dalili na picha zisipopatana, kipimo cha umeme wa neva na misuli hufaa kufanywa kabla ya kisu.

Hatua ya 2: Amua kama wakati umefika

Diski iliyobana neva ya mkono, bila udhaifu mkubwa, mara nyingi hupoa yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12. Kipande kilichotoka husinyaa, uvimbe wa neva hushuka. Dawa za maumivu, mazoezi mepesi na subira si njia ya maskini. Ndiyo tiba ya kwanza kwa wengi. Upasuaji huanza kuzungumzwa baada ya wiki 6 hivi za tiba hiyo bila nafuu, au mapema zaidi ikiwa mkono unazidi kudhoofika.

Hesabu hiyo ya wiki haihusu ugwe wa mgongo, yaani kamba kuu ya neva inayopita katikati ya pingili. Ukibanwa wenyewe, dalili ni nyingine: vidole vinakuwa vizito kufunga vifungo, mwandiko unaharibika, unayumba ukitembea, miguu inakaza, umeme unashuka mgongoni ukiinamisha kichwa, mkojo unakuponyoka au unakataa kutoka. Hapo usisubiri. Kilichopotea kwenye ugwe hakirudi chote, na lengo la upasuaji mara nyingi ni kuzuia kisizidi. Wala usimruhusu mtu "kukuvunja" shingo kwa kuikunja ghafla ukiwa na dalili hizi.

Na ikiwa maumivu yako ni ya shingo tu, bila kushuka mkononi na bila neva inayobanwa, matokeo ya upasuaji hayatabiriki vizuri. Mpasuaji anayekukatalia hapo anakutendea wema.

Hatua ya 3: Zijue njia za upasuaji

Ya kwanza na iliyozoeleka zaidi ni kupita mbele ya shingo, kutoa diski, na kuziunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Ilielezwa kwenye majarida ya tiba miaka ya 1950, na mbinu zilizobaki na majina ni za Smith na Robinson, na ya Cloward.

Ya pili hupita njia hiyohiyo, lakini badala ya kuunganisha, diski bandia inayosogea huwekwa.

Ya tatu hupita nyuma ya shingo na kupanua tundu la neva. Haina kipandikizi chochote. Hufaa pale kipande laini kimekaa pembeni na ugwe haujabanwa. Iulizie, kwa sababu wengi huondoka kliniki bila kuisikia ikitajwa.

Hatua ya 4: Sasa chagua kipandikizi

*Ukiunganishwa pingili,* kuna sehemu mbili.

Keji ni kijisanduku chenye tundu katikati, kinachokaa palipokuwa na diski. Urefu wake wa wima kwa kawaida ni milimita 5 hadi 8, na mbele huwa juu kidogo kuliko nyuma ili shingo ibaki na mkunjo wake wa asili. Tundu la katikati hujazwa vipande vya mfupa. Vifaa ni hivi:

- PEEK, plastiki ngumu ambayo ulaini wake unakaribia wa mfupa. Eksirei hupita ndani yake, kwa hiyo daktari anaona vizuri mfupa ukiota katikati. Udhaifu wake: mfupa haupendi kushikamana na uso wake mtupu, ndiyo maana baadhi hupakwa titani.
- Titani, hasa ile iliyochapwa kwa tabaka ikawa na vinyweleo. Mfupa hushika vizuri, lakini kwenye eksirei huficha kinachoendelea ndani, na ni ngumu kuliko mfupa.
- Kipande cha mfupa wa mtu aliyefariki na kuchangia, kilichosafishwa na kutayarishwa. Hakiachi metali wala plastiki.
- Mfupa wako mwenyewe kutoka nyonga. Huungana vizuri sana, ila unapata kidonda cha pili, na watu wengine hulalamikia nyonga muda mrefu kuliko shingo.

Kwa diski moja, kwa mtu mwenye mifupa mizuri asiyevuta sigara, tofauti kati ya vifaa hivi ni ndogo kuliko vipeperushi vinavyodai. Kazi ya mikono ya mpasuaji, yaani namna alivyoandaa sakafu ya mfupa na ukubwa aliochagua, huamua zaidi.

Bamba ni la titani, hushikwa mbele ya pingili kwa skrubu zenye urefu wa milimita 12 hadi 16 hivi. Hupunguza kusogea na kuzuia keji isitoke mbele. Likiwa nene au refu kupita kiasi huugusa umio na kuleta shida ya kumeza. Likikaa chini ya milimita 5 kutoka diski jirani, mfupa huelekea kuota juu ya diski hiyo, kwa hiyo wapasuaji wazuri huchagua bamba fupi kadiri inavyowezekana. Kuna pia keji zenye skrubu ndani yake zisizohitaji bamba la nje. Hizo husumbua umio kidogo, ila keji iliyoachwa bila bamba huwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kuzama kwenye mfupa, hasa ukipasuliwa diski kadhaa.

*Diski bandia* huwa na sahani mbili za metali na kitovu kinachoziruhusu kusogea, mara nyingi cha plastiki ngumu. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliidhinisha diski bandia za Prestige ST na ProDisc-C mwaka 2007, na Mobi-C mwaka 2013 kwa diski moja au mbili zinazofuatana. Faida yake ni kubakiza mwendo, na hakuna muda wa kusubiri mfupa uungane. Lakini mlango wake ni mwembamba. Haikufai ukiwa na:

- mifupa dhaifu (alama ya DEXA ya −2.5 au chini ya hapo; baadhi ya watengenezaji wanataka bora kuliko hiyo);
- viungo vidogo vya nyuma ya shingo vilivyolika, kwa sababu diski bandia itaendelea kuvisugua;
- pingili zinazoteleza kwenye zile eksirei mbili za kuinama na kuinua;
- diski iliyokwisha kabisa hadi pingili karibu zinagusana na hazisogei tena;
- kano ya nyuma ya pingili iliyogeuka mfupa;
- maambukizi, au mzio wa metali iliyotumika.

Sababu kubwa inayotolewa ya kuchagua diski bandia ni kulinda pingili jirani. Utafiti wa Hilibrand na wenzake wa 1999 ulikuta takriban asilimia 2.9 ya waliounganishwa wakipata dalili mpya jirani kila mwaka, na makadirio ya karibu robo ndani ya miaka 10. Hata hivyo, sehemu ya hizo ni kuzeeka kwa shingo ambako kungetokea hata bila upasuaji, kwa hiyo diski bandia huenda ikaipunguza hatari hiyo, lakini haiifuti. Nayo ina shida yake: mfupa unaweza kuota kuizunguka hadi isisogee.

*Tahadhari:* ukisikia neno BMP, yaani protini ya kuotesha mfupa, itatumika mbele ya shingo, simama uulize. FDA ilitoa onyo mwaka 2008 kwa sababu ya uvimbe wa koo uliohatarisha maisha.

Maswali ya kuandika na kwenda nayo: Diski ipi au zipi, na kwa nini hizo? Keji ya kitu gani, itakuwa na bamba? Kwa nini diski bandia inanifaa, au hainifai? Unafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka? Ikibidi kurudia, kipandikizi hiki hutolewaje?

Hatua ya 5: Andaa mifupa na mwili, wiki 4 hadi 6 kabla

Acha nikotini yote: sigara, tumbaku ya kunusa au kutafuna, na zile za mvuke. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu ambayo mfupa mpya unaitegemea. Kuacha wiki moja kabla hakutoshi. Lenga wiki 4 hadi 6 kabla, na angalau miezi 3 baada ya hapo. Kubadili sigara kwa vibandiko vya nikotini ni nafuu kwa mapafu, ila mfupa bado unaipata nikotini, kwa hiyo mwulize daktari.

Mwenye kisukari apime HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu wa miezi michache iliyopita. Wapasuaji wengi hupenda iwe chini ya asilimia 8 kabla ya upasuaji usio wa dharura, maana sukari ikiwa juu kidonda huambukizwa kirahisi. Vitamini D ikiwa chini irekebishwe. DEXA ikionyesha mifupa dhaifu, kuitibu kwanza kwa miezi kadhaa kunaweza kuokoa keji isizame.

Ukiwahi kupasuliwa shingo mbele, kwa mfano kwa tezi ya koo, ni lazima daktari wa masikio, pua na koo akague nyuzi zako za sauti. Uzi mmoja unaweza kuwa umelala bila wewe kujua, na mpasuaji akipita upande wa pili na kuuumiza uliobaki, utapoteza sauti na kupumua kutakuwa taabu.

Hatua ya 6: Panga dawa na mfungo

Dawa za kuzuia damu kuganda husimamishwa kwa ratiba: aspirini na klopidogreli siku 5 hadi 7 kabla, wafarini siku 5 hivi, na zile mpya za vidonge siku 2 hadi 3 kutegemea figo. *Usisimamishe mwenyewe.* Mwenye stenti ya moyo au vali ya bandia anaweza kupata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa kuacha dawa kiholela, kwa hiyo daktari wa moyo na mpasuaji wakubaliane kwanza. Dawa za sukari na za presha ziwe na maelekezo ya maandishi: ipi unywe asubuhi ya upasuaji, ipi uache.

Chakula chepesi kinakoma saa 6 kabla ya usingizi, chakula cha mafuta saa 8, maji matupu saa 2, isipokuwa mtaalamu wa usingizi amesema vingine.

Hatua ya 7: Jua kitakachofanyika mezani

Unalala chali, unapewa nusukaputi, na mpira wa kupumulia unapita kooni. Mabega huvutwa chini kwa plasta ili eksirei ya mezani iione C6-C7. Kwa mtu mwenye shingo fupi na mabega mapana, diski za chini ni shida kuziona.

Mkato ni wa kulala, sentimita 3 hadi 5, kwenye mkunjo wa ngozi. Misuli husukumwa zaidi kuliko kukatwa: koo na umio huenda upande mmoja, mshipa mkubwa wa damu upande mwingine. Eksirei huthibitisha kwamba diski iliyofikiwa ndiyo yenyewe. Kisha diski hutolewa yote, vinundu vinachongwa, na kano ya nyuma hufunguliwa pale kipande kilipojificha nyuma yake.

Sehemu ya kipandikizi huja mwisho. Gegedu hukwanguliwa hadi mfupa uchurizike damu kidogo, lakini lile gamba gumu la juu la pingili libaki. Likichongwa sana, keji inakaa juu ya mfupa laini na kuzama. Vipimo vya majaribio huingizwa kwa kupanda milimita moja moja. Keji ndogo hulegea. Keji kubwa mno hupanua viungo vya nyuma, ukaamka na maumivu makali ya shingo na katikati ya mabega, na baadaye ikazama. Diski moja kwa kawaida huchukua saa 1 hadi 2.

Hatua ya 8: Saa 24 za kwanza

Hapa ndipo hatari moja inapohitaji macho ya kila mtu chumbani: damu kuvilia ndani ya shingo na kubana njia ya hewa. Dalili ni shingo kuvimba au kukaza, sauti kubadilika ghafla, kushindwa kumeza mate, kukosa raha ukilala, pumzi yenye mlio. Piga kelele, usibonyeze kengele na kungoja. Njia ya hewa ikiziba, kidonda hufunguliwa palepale kitandani ili damu itoke; hakuna kusubiri chumba cha upasuaji. Mara nyingi hutokea siku ya kwanza, ila inaweza kuja hata baadaye ukiwa nyumbani, kwa hiyo anayekuuguza azijue dalili hizi kabla hamjaondoka.

Lala kichwa kikiwa juu, pembe ya nyuzi 30 hivi. Inuka na kutembea siku hiyohiyo ukiruhusiwa. Kula laini, ukiwa umekaa wima, tonge ndogo.

Kabla ya kutoka hospitali, dai kadi ya kipandikizi. Iwe na jina la kifaa, mtengenezaji, ukubwa, namba ya toleo, diski iliyowekwa na tarehe. Piga picha kadi hiyo na uihifadhi mahali pawili. Miaka ikipita, ukitakiwa kupigwa MRI au kurudiwa upasuaji, karatasi hiyo ni dhahabu.

Hatua ya 9: Wiki 6 za kwanza nyumbani

- Usinyanyue zaidi ya kilo 2 hadi 4, wala kufanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa.
- Tembea kila siku, ukiongeza kidogo kidogo. Hakuna dawa ya misuli inayoishinda.
- Kola: kwa diski moja yenye bamba mara nyingi haihitajiki. Ukipewa, fuata muda uliopangiwa. Kuivaa kwa miezi kwa sababu ya hofu hudhoofisha misuli.
- Kuoga maji ya kumwagika huruhusiwa baada ya siku 2 au 3. Usizamishe kidonda kwenye maji kwa wiki 3.
- Usiendeshe gari ukiwa na kola, ukinywa dawa za jamii ya mofini, au kama huwezi kugeuza kichwa kuona pembeni.
- Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zina sheria mbili tofauti. Aliyeunganishwa pingili mara nyingi huambiwa aziepuke miezi ya kwanza, kwa hofu ya kuchelewesha mfupa. Aliyewekewa diski bandia huenda akaandikiwa kwa wiki 2 hivi makusudi, ili mfupa usiote pasipotakiwa. Usichukue ushauri wa mgonjwa mwenzako mwenye kipandikizi kingine.

Hatua ya 10: Mwezi wa 3 hadi wa 12

Eksirei hupigwa kwa kawaida karibu na wiki 6, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Mfupa huungana polepole, miezi 3 hadi 12, na kuna wanaochukua zaidi. Kazi ya mezani wengi hurudi baada ya wiki 2 hadi 6. Kazi nzito baada ya miezi 3 hivi, kama picha zinakubali.

Neva hurudi kwa mpangilio wake. Maumivu ya mkono hutangulia kuondoka, mara nyingine siku ileile. Nguvu hufuata kwa wiki na miezi. Ganzi hubaki nyuma, hata mwaka, na iliyokaa muda mrefu kabla ya upasuaji huweza isiondoke yote. Ganzi iliyobaki wiki ya 4 si ushahidi kwamba kipandikizi kimekosewa.

Mambo yakienda kombo

*Kumeza ni shida.* Kawaida wiki za kwanza, kwa sababu umio ulisukumwa. Ikiendelea baada ya miezi 3, umio na bamba vichunguzwe. Homa pamoja na maumivu makali ya kumeza, au shingo inayotoa mlio wa mapovu ukiibonyeza, ni dharura: umio unaweza kuwa umetoboka.

*Sauti ina mkwaruzo.* Neva ya sauti ilivutwa, au ni mpira wa kupumulia. Mara nyingi hurudi kwa wiki chache. Ikifika wiki 6, nyuzi za sauti zikaguliwe.

*Maumivu katikati ya mabega.* Viungo vya nyuma vimepanuliwa kidogo na keji. Hupungua kwa wiki kadhaa. Joto na kutembea husaidia.

*Bega limekataa kuinuka siku chache baada ya upasuaji, bila maumivu makubwa.* Neva ya C5 imechoka. Mjulishe daktari siku hiyohiyo. Wengi hupona kwa miezi, ila lazima kwanza ihakikishwe kwamba hakuna kinachobana.

*Kidonda kinatoa maji maangavu yasiyokoma, na kichwa kinauma ukiinuka.* Ganda la ugwe linaweza kuvuja. Rudi hospitali.

*Mkono ulipoa, ukarudi kuuma.* Ukirudi ndani ya wiki, tafuta kipande kilichobaki au keji iliyosogea. Ukirudi baada ya miezi, fikiria mfupa ambao haujaungana au keji iliyozama. Ukirudi baada ya miaka, mara nyingi ni diski jirani.

*Ripoti inasema keji imezama.* Milimita 1 au 2 bila dalili ni jambo la kufuatilia kwa picha tu. Ikizama zaidi na tundu la neva likabanwa tena, ndipo marekebisho huzungumzwa.

*Ripoti ya mwaka mmoja inasema hakuna muungano.* Kama huna maumivu na skrubu hazijalegea, wengi huachwa chini ya uangalizi. Ukiwa na maumivu, omba CT skani, kwa sababu eksirei ya kawaida hudanganya pande zote mbili. Anayevuta bado, aanzie hapo. Marekebisho mara nyingi hufanywa kupitia nyuma ya shingo, bila kugusa keji ya mbele.

*Unatakiwa kupigwa MRI.* PEEK na titani hazivutwi na sumaku ya mashine, na vipandikizi vingi vya sasa vinaruhusiwa kwa masharti ya nguvu ya sumaku yaliyotajwa na mtengenezaji. Onyesha kadi. Diski bandia za kobalti na kromiamu hutia ukungu picha ya shingo yenyewe, kwa hiyo penye shaka daktari anaweza kuchagua CT skani yenye dawa ndani ya uti. Kwenye milango ya ukaguzi ya uwanja wa ndege, bamba dogo la titani mara nyingi hupita kimya, na lisipopita, ukaguzi wa mkono unatosha.